Kuiga na Kuigiza: Maisha ya Anthony Quinn, Mchezaji wa Sinema na Mchoraji

Kuiga na kuigiza ni maneno ya shina moja, walakini thamani zake si moja. Mwenye kuiga hufuata: akiona mwendo wa mwenziwe huufanya wake, akisikia sauti huirudia. Katika kuigiza umeongezwa mnyambuliko ambao kazi yake katika sarufi ni kumfanya mwingine atende. Kama vile kutuliza ni kumfanya mtu atulie, na kupendeza ni kufanya watu wapende, ndivyo kuigiza, kwa asili ya umbo lake, kulivyo kufanya watu waige. Leo neno hili tumelipa kazi ya mchezaji wa jukwaani na wa sinema, nasi tumesahau kwamba ndani yake mna hukumu iliyofichwa. Mchezaji aliyekamilika si yule afuataye, bali ni yule ambaye akiisha kupita, wengine humfuata.

Hukumu hiyo ndiyo nitakayoitumia katika makala haya kuyapima maisha ya Anthony Quinn, mtu wa Meksiko na Marekani, aliyezaliwa mwaka 1915 akafariki mwaka 2001. Alicheza sinema kwa muda wa zaidi ya miaka 60, na katika maisha hayo hayo alikuwa mchora picha na mchonga sanamu. Katika sanaa ya kwanza alipata tuzo ya Oscar mara mbili. Katika sanaa ya pili alipata wanunuzi wengi na wahakiki wachache. Wampendao wamesema kuwa mkono wake ulikuwa sawa na uso wake. Wasiompenda wamesema kwamba picha zake zilinunuliwa kwa nguvu ya sinema zake. Wa kwanza wamezidisha, na wa pili hawakutazama. Rai yangu ni kwamba sanaa zake mbili zilitoka katika kipaji kimoja, kipaji cha kuwa mtu mwingine, na kwamba kilichomtukuza katika ile ya kwanza ndicho kilichomzuia katika ile ya pili.

Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Antonio Rodolfo Quinn Oaxaca. Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1915 mjini Chihuahua, kaskazini ya Meksiko, nchi ikiwa katika moto wa mapinduzi. Mama yake, Manuela Oaxaca, alikuwa Mmeksiko. Baba yake, Francisco Quinn, alichanganya damu ya Kimeksiko na ya Kiayalandi. Jamaa hao walivuka mpaka wakaingia El Paso katika Texas, kisha wakahamia Los Angeles, wakakaa katika mitaa ya mashariki, mitaa ya wageni na ya watu wenye mapato madogo. Baba alipata kazi katika kiwanda cha sinema, na kwa hiyo mtoto aliijua sinema kwa upande wa nyuma, penye mbao na misumari, mapema sana. Baba huyo akafa kwa ajali ya motokaa mwanawe akiwa bado mdogo. Tangu hapo kijana aliishi kwa kazi za mikono, na kwa muda alipigana ngumi kwa malipo. Kuchora kulikuwa kwake tangu utoto, wala hakukuacha.

Mtu mkubwa wa kwanza kuupima mkono wake hakuwa mtu wa sinema. Alikuwa Frank Lloyd Wright, mmoja katika wasanifu mashuhuri kabisa wa majumba katika historia ya Marekani. Quinn alikuwa amepata zawadi shuleni kwa mchoro wa jengo, na zawadi hiyo ikamfikisha kwa Wright, akajifunza kwake. Wright alimpenda kijana, lakini aliona kuwa usemi wake una kasoro, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa umefungwa na ukano wa chini. Akamshauri ukano huo ukatwe, kwa hoja kwamba msanifu hana budi kuweza kuwaeleza watu kazi yake. Baada ya kupasuliwa, kijana alikwenda kwa mwalimu wa uigizaji ili ajifunze kutamka upya. Aliingia kutafuta sauti, akatoka na kazi ya maisha.

Sisi tunaoshughulika na lugha haitupasi kulipita jambo hili mbio. Kalamu ndiyo iliyompeleka mtu huyu kwenye ulimi, na ulimi ukaja ukamnyang'anya kalamu. Watu wengi husimulia maisha ya Quinn kana kwamba alikuwa mchezaji ambaye, alipochoka na utajiri wake, alijitafutia burudani ya rangi. Mambo yalikuwa kinyume. Mchoraji alitangulia, mchezaji alikuja nyuma, akapewa kiti cha mbele.

Kiti hicho hakukipewa upesi. Mwaka 1936 alicheza katika The Plainsman, sinema ya Cecil B. DeMille, akiwa mtu wa kabila la Cheyenne, wenyeji wa asili wa Marekani. Mwaka uliofuata alimwoa Katherine, binti wa kulea wa DeMille. Ukwe huo haukumfungulia mlango mkubwa. Mwaka 1941 alikuwa Crazy Horse, kiongozi wa Walakota. Mwaka 1942 alikuwa haramia. Mwaka 1945 alikuwa Mfilipino. Uso wake ulifanywa kuwa wa kila taifa isipokuwa taifa la wale waliokuwa wakitengeneza sinema. Hata mwaka 1952, katika Viva Zapata!, ambamo angeweza kusimama mbele kama Mmeksiko kati ya Wameksiko, alipewa sehemu ya Eufemio, ndugu wa Zapata. Zapata mwenyewe alichezwa na Marlon Brando, ambaye hakuwa Mmeksiko. Kwa sehemu hiyo ya ndugu Quinn alipata Oscar yake ya kwanza, akawa mzaliwa wa kwanza wa Meksiko kupata tuzo hiyo kwa uchezaji.

Mhakiki wa haki lazima aanzie hapa. Quinn hakuuchagua ule wingi wa sura, alitwishwa. Asiyeruhusiwa kuwa yeye mwenyewe hujifunza kuwa wengine, na akijifunza kwa bidii huja akaona kuwa hiyo ndiyo tabia yake. Mzigo uliobebwa miaka mingi hufanya mabega yake mwenyewe.

Mwaka 1956 sanaa zake mbili zilikutana mahali pamoja. Katika Lust for Life, sinema ya Vincente Minnelli juu ya maisha ya Vincent van Gogh, Kirk Douglas alikuwa van Gogh na Quinn alikuwa Paul Gauguin. Sehemu yake ni fupi, nayo ilimpa Oscar ya pili. Wachoraji hao wawili walikaa nyumba moja mjini Arles, katika Ufaransa ya kusini, tangu Oktoba hadi Desemba 1888, wakagombana. Ugomvi wao haukuwa wa tabia tu. Ulikuwa wa sanaa pia. Van Gogh alitaka kuchora mbele ya kitu chenyewe, na upepo ukimpiga usoni. Gauguin alimhimiza achore kwa kumbukumbu, ili moyo uchague kilicho chake na kukiacha kisicho chake.

Quinn alimcheza Gauguin pasipo kuomba huruma ya mtazamaji: mtu mwenye kiburi, mwenye hakika, anayejua kuwa kazi yake ni nzuri na kwamba haitamlisha. Anapoitazama turubai hatazami kama mchezaji aliyefundishwa kusimama mbele ya picha. Hutazama kama fundi anayepima kazi ya fundi mwenziwe. Tena palikuwa na undugu mwingine. Gauguin, kwa upande wa mama yake, alikuwa na damu ya Peru, na utotoni alikaa Lima; yeye naye alikuwa mtu wa mabara mawili. Naona kwamba katika sinema hii Quinn alimwigiza mchoraji ambaye yeye mwenyewe hakuweza kuwa. Gauguin alichukua vitu kwa Wajapani, kwa wakulima wa Bretagne, kwa watu wa Tahiti, walakini aliyaacha yale ya watu yapite katika kumbukumbu yake mpaka yakabadilika. Fundisho hilo Quinn alilitamka vizuri mbele ya kamera. Kulitenda mbele ya turubai lilikuwa jambo jingine.

Mkutano wa pili wa sanaa hizo ulikuwa juu ya uso wake mwenyewe. Katika Lawrence of Arabia ya mwaka 1962, iliyoongozwa na David Lean, alikuwa Auda abu Tayi, shujaa wa kabila la Howeitat. Husimuliwa kwamba alichukua picha ya Auda, akakaa mbele ya kioo, akajipaka rangi na kujibandika pua mpaka akafanana nayo, na kwamba alipotokea mbele ya watu Lean hakumtambua. Ikiwa ndivyo, basi hiyo ni kazi ya mchora sura, isipokuwa turubai yake ilikuwa ngozi. Walakini sura iliyopatikana ilikuwa ya nje. Jamaa wa Auda walilalamikia jinsi babu yao alivyoonyeshwa kuwa mtu wa tamaa ya fedha, na malalamiko yao yana uzito. Pua inaweza kunakiliwa kutoka picha. Heshima ya mtu haiwezi. Hapa Quinn aliiga, na kuiga kwake kulikuwa kwa ustadi mkubwa, lakini kulikoma kwenye ngozi. Kosa lilikuwa la mtungaji wa maneno kuliko la mchezaji; hata hivyo ni mchezaji aliyeyapa maneno hayo uso.

Miaka miwili baadaye aliiacha pua ya kubandika. Zorba the Greek, iliyotengenezwa mwaka 1964 na Michael Cacoyannis kutokana na riwaya ya Nikos Kazantzakis, inamhusu mtu wa makamo anayekuja kisiwani Krete pamoja na mwandishi kijana, akaanzisha mipango, ikavunjika. Mwisho wake, mradi wa kuteremsha magogo kutoka mlimani ukiisha kuanguka wote, wawili hao wanacheza dansi ufukweni. Quinn mwenyewe alisimulia kwamba alikuwa ameumia mguu na hakuweza kuruka, kwa hiyo aliuburuta mguu mchangani, akanyoosha mikono, akafuata muziki wa Mikis Theodorakis. Dansi ile ilitungwa kwa ajili ya sinema hiyo, kwa kuchanganya mwendo wa pole na wa haraka wa dansi za kale za Ugiriki. Kabla yake haikuwapo kwa umbo lile. Baadaye ilipata jina la sirtaki, ikaenea katika mikahawa na sherehe, wageni wakafundishwa kuwa ndiyo dansi ya Wagiriki, na Wagiriki wenyewe wakaicheza.

Huu ndio ushahidi mkubwa wa hoja yangu. Mmeksiko mwenye mguu mbovu alitakiwa amwige Mgiriki. Akafanya jambo ambalo Wagiriki waliliiga. Neno letu la kuigiza lilipata hapa maana yake kamili ya sarufi. Wala halikupatikana kwa kunakili picha, bali kwa upungufu: kitu alichokosa, yaani mguu mzima, kilimlazimisha atoe kilicho chake.

Kwa wasomaji wa pwani yetu, nadhani sehemu yake iliyo karibu zaidi ni ya Hamza bin Abdul-Muttalib katika The Message, sinema ya Moustapha Akkad ya mwaka 1976. Sinema hiyo ilitengenezwa mara mbili, kwa Kiingereza na kwa Kiarabu, na katika ile ya Kiarabu Hamza alichezwa na Abdullah Ghaith wa Misri. Ni nadra mhakiki kupata mizani kama hii: mahali pale pale, mwongozaji yule yule, watu wawili. Ghaith ana lugha, na lugha ni nusu ya uso. Quinn ana mwili, na ana subira ya mwili. Akisimama kimya, jangwa humkubali.

Tena sinema hiyo ilimweka mchora sura katika mtihani usio wa kawaida. Kwa heshima ya dini, Mtume Muhammad haonekani wala sauti yake haisikiki. Kamera husimama mahali pake, na wachezaji huielekea na kusema nayo. Kwa hiyo Quinn, ambaye maisha yake yote yalikuwa ya kutazama nyuso na kuzichukua, alitakiwa azungumze na uso usioweza kuchukuliwa. Hana mfano wa kufuata, hana jicho la kumjibu. Kile kinachotokea usoni pake ni chake peke yake. Msikilizaji wa Utenzi wa Vita vya Uhud, uliokusanywa na Haji Chum na kuhaririwa na H. E. Lambert, anamtengeneza Hamza wake mwenyewe kwa masikio. Mtazamaji wa sinema hupewa Hamza aliyekwisha tengenezwa. Hatari ya sanaa hii ya pili ilionekana Machi 1977, watu wenye silaha walipowateka wenzao mjini Washington, na mojawapo ya madai yao likawa sinema hiyo isionyeshwe. Ulikuwa umeenea uvumi kwamba Quinn amemwiga Mtume mwenyewe. Uvumi ulikuwa wa uongo, lakini ulitufundisha kwamba sura si mchezo, na kwamba anayezishika sura za watu anashika jambo linaloweza kumwaga damu.

Pamoja na Akkad alifanya baadaye Lion of the Desert, iliyotoka mwaka 1981, akiwa Omar Mukhtar, mwalimu wa Kurani aliyeongoza vita vya Walibya dhidi ya Waitalia hata akanyongwa tarehe 16 Septemba 1931. Nayo ilizuiwa Italia kwa miaka mingi. Katika hiyo naona utulivu ambao hakuwa nao ujanani: anaposhika miwani yake, hahitaji pua ya bandia.

Sasa tuje kwenye rangi. Quinn alichora na kuchonga miaka yote hiyo, na mwaka 1982 alifanya maonyesho makubwa huko Hawaii, yakafuatwa na mengine katika nchi mbalimbali. Alipaka rangi kwenye turubai, alichonga mbao na mawe, alimimina shaba. Picha zake nyingi ni nyuso: nyuso zilizogawanywa, nyuso za mbele na za upande zikiwa pamoja, barakoa, wanawake, wapenzi. Mtazamaji aliyezoea sanaa ya karne ya 20 huzijua nyingi kabla hajasoma saini. Hapa yupo Picasso, na pale wapo wachongaji wa kale wa Meksiko; kwenye sanamu laini zilizotobolewa yupo Henry Moore. Mkono ni hodari, macho ni mazuri, rangi hazina woga. Walakini mwenye nyumba hayupo nyumbani.

Kuna msomaji atakayesema: mshika mbili, moja humponyoka. Mimi siikubali methali hiyo katika shauri hili. Hakuna kilichomponyoka, alizishika zote mbili kwa nguvu mpaka uzeeni. Tatizo ni kwamba desturi ya sanaa moja iliingia katika nyingine. Mchezaji akipewa sehemu ya Mgiriki huuliza: Mgiriki husimamaje? Quinn aliposimama mbele ya turubai aliuliza vivyo hivyo: Picasso husimamaje? Swali lile ni halali jukwaani, kwa maana huko jibu litapita katika mwili wake, na mwili hauwezi kusema uongo mpaka mwisho. Mguu mbovu utaburuta. Turubai haina mguu mbovu. Huchukua kila kinachoazimwa, wala haidai kitu.

Msomaji mwingine atauliza kama nayadharau mapokeo. Sivyo. Katika ushairi wetu hakuna amlaumuye Muyaka bin Haji kwa kufuata mizani 16 na vina alivyovikuta. Bahari ni ya wote; sauti ndiyo ya mmoja. Ukisomewa ubeti wa Muyaka pasipo kutajwa jina utasikia Mombasa, utasikia kejeli yake, utamjua. Kufuata umbo si kuiga. Kuiga ni kuchukua sauti. Wahenga walisema kuwa mwiga tembo hupasuka msamba. Hawakumkataza mtu kutembea katika njia iliyokwisha pitwa na tembo.

Haki inataka niongeze jambo moja. Katika baadhi ya kazi zake za mbao namwona amekaribia nyumbani. Mbao ina nyuzi zake na vifundo vyake. Patasi haiwezi kwenda po pote ipendapo. Pale ambapo kifundo kilimkatalia, Quinn alilazimika kukubali kisichokuwa katika kielelezo, kama alivyolazimishwa na mguu wake ufukweni Krete. Kazi hizo si nyingi, nazo hazikumpatia sifa kubwa. Lakini zatosha kuonyesha kwamba mchoraji wa kwanza, yule kijana aliyepelekwa kwa Wright na zawadi ya shule, hakuwa amekufa.

Quinn alifariki mjini Boston tarehe 3 Juni 2001, akiwa na umri wa miaka 86, akazikwa katika kiwanja cha nyumba yake huko Bristol, Rhode Island. Tunapowahakiki watu wa sanaa mbili, nasi tunao wetu, tusikubali sifa ya moja iilipie nyingine deni, wala tusiifanye kuwa sababu ya kukataa kutazama. Kila sanaa ipimwe kwa mizani yake, na mtu apimwe kwa zote.

Katikati ya mji wa Los Angeles, katika mtaa wa Broadway, kuna picha kubwa ukutani iliyochorwa na Eloy Torrez mwaka 1985 na kutengenezwa upya mwaka 2017. Inamwonyesha Anthony Quinn, mrefu kama jengo lenyewe, amenyoosha mikono kama alivyoinyoosha katika dansi ya Zorba. Mtu aliyezitafuta sura za wachoraji wengine maisha yake yote, mwishowe mchoraji mwingine aliitafuta yake. Na alipotaka kuichora hakuitafuta katika turubai za Quinn, bali aliiona pale alipocheza.